Difu ya Taratibu

Watu walimwita Fundi Kimya kwa sababu hakunyamaza hata usingizini. Asubuhi hiyo, akiwa amelala chali chini ya lori, alijitahidi kunong'ona, na mnong'ono wake ungeweza kuamsha mtaa.

"Shemeji, sogea nikwambie. Gari dogo ukichomoa shafti, gurudumu linakufuata mkononi na gari linakaa chini kama mlevi. Hili la mizigo lina adabu. Gurudumu limejishikilia lenyewe kwenye ekseli, shafti inapita katikati tu kama uzi kwenye ushanga. Nitatoa shafti zote mbili, nitafungua propela, lile bomba refu linaloleta nguvu kutoka mbele, nitaishusha difu, yaani gia zenyewe za kuzungusha magurudumu, halafu shafti nitazirudisha ili katikati ya magurudumu pasionekane tundu. Lori litabaki limesimama vile vile. Mtu akilitazama hawezi kujua kama tumboni hamna kitu."

"Hata akilitazama dereva?"

Fundi akatoa kichwa chake chini ya bodi. "Dereva analitazama kutoka wapi?"

"Dirishani."

"Kutoka dirishani ataona lori, shemeji."

Mwanamke alitaka kuamini hivyo, na mtu akitaka kuamini jambo hahitaji ushahidi mwingi. Akageuka kutazama nyumba. Pazia la dirisha lilikuwa limefungwa, na redio ndani ilipigwa kwa sauti ambayo siku nyingine angeikemea.

Lori lilikuwa limeandikwa TARATIBU juu ya kioo cha mbele, na mwenye lori naye akaitwa hivyo hivyo, mpaka wapo waliodhani ni jina alilopewa na wazazi wake. Mkewe walimwita Mama Honi. Zamani mumewe akifika kwenye kona alikuwa akipiga honi, na kabla hajapiga ya pili lango limeshafunguka. Sasa Taratibu alikuwa kitandani kando ya dirisha, upande wa kulia umekufa, mdomo umekwenda pembeni. Kiharusi kilimkuta anafunga turubai juu ya mzigo wa watu, wala hakikumwuliza ana safari ya wapi.

Daktari alimwambia Mama Honi mambo mawili. Vidonge vya presha visikosekane hata siku moja, na mgonjwa asishtuliwe. "Kiharusi cha pili hakitabisha hodi, mama," alisema. Mama Honi akayashika yote mawili kama amri. Alianza kuuza cherehani, akauza kabati la vyombo, akauza meza waliyokuwa wakilia chakula. Mwishowe akawa ananunua vidonge kwa kukatiwa viwili viwili kwenye karatasi yake, na binti wa duka la dawa akimwona mlangoni alimwita mwenzake kwa sauti: "Yule mama wa rejareja amekuja." Wiki hii hata rejareja ilikuwa imemshinda. Kilichobaki nyumbani cha kuuza kilikuwa kimoja tu, na ndicho ambacho mumewe akisikia kimeuzwa, moyo wake haungestahimili. Amri mbili za daktari zilikuwa zimegongana uso kwa uso kwenye barabara nyembamba, na aliyekuwa katikati ni yeye.

Maana Taratibu alikuwa na kazi moja iliyobaki duniani. Kila asubuhi mkewe alikwea kwenye kabini, akawasha injini, akasogeza lori hatua moja mbele na kulirudisha, ili mipira isilalie mahali pamoja ikaharibika. Yeye ndiye aliyemwongoza. Mkono wake wa kushoto, uliobaki mzima, ulitoka kati ya nondo za dirisha ukamwita: njoo, njoo, njoo, kisha kiganja kikasimama. Hapo Mama Honi alikanyaga breki. Baada ya kazi hiyo Taratibu alikunywa uji wake wote bila kubembelezwa. Siku ambayo mvua ilizuia lori lisisogezwe, hakula mpaka jioni.

Nyundo ya fundi iligonga chuma. Redio ikaongezwa sauti.

Aliyekuwa ndani na mgonjwa alikuwa dada yake, wifi wa Mama Honi, mwanamke mnene mwenye ulimi usio na breki. Alikubali kushika zamu ya redio, lakini hakukubali kukaa kimya. Alipotoka kuchota maji alimvuta Mama Honi nyuma ya jiko.

"Wifi, unamng'ata ndugu yangu huku unampuliza."

"Basi nipe wewe za kununulia vidonge, niache kumng'ata."

Wifi akatazama ndoo yake. Hakuwa nazo, na wote wawili walijua. "Redio inakaribia kuishiwa betri," akasema, akarudi ndani.

Fundi alifungua nati ya chini ya difu, na oili ya gia ikaanza kushuka kwenye beseni, nyeusi na nzito kama asali iliyoungua. Oili ile ina harufu yake, kali, ya kukaa kooni, wala haifanani na oili ya injini. Mama Honi aliifunika kwa gunia upesi. Hakufikiria upepo unavumia upande gani.

*

Mnunuzi alifika kabla difu haijafutwa matope. Alikuwa na lori la aina ile ile lililokufa difu, na alivaa viatu ambavyo havijawahi kukanyaga grisi. Lakini Mama Honi alimjua tangu alipokuwa utingo wa Taratibu, akilala juu ya magunia na kula kwenye chungu chake. Siku hizi walimwita Bosi. Akigeuka, walimwita Utingo.

"Shikamoo shemeji," akasema, na kabla hajaitikiwa akachuchumaa, akamulika difu kwa simu. Akazungusha meno ya gia kwa kidole kimoja kama mtu anayekagua jino la punda. "Meno yamechoka."

"Yamechoka wapi?" Fundi Kimya akauliza. "Hii gia imekaa ndani ya oili safi miaka yote. Wewe mwenyewe ndiye ulikuwa unatumwa kuinunua."

"Fundi, nazungumza na shemeji." Akaisukuma difu kwa ncha ya kiatu. Akataja bei.

Bei yenyewe ilikuwa kama tusi. Mama Honi alisubiri aone kama ni utani. Haukuwa utani.

"Wewe ulikula kwangu," akamwambia taratibu.

"Ndiyo maana nimekuja, shemeji. Mwingine asingekuja. Undugu upo, lakini difu ni chuma." Kisha akapunguza sauti, kwa huruma ambayo ilimuuma kuliko bei. "Kaka yupo? Ngoja niingie nimsalimie."

Mama Honi akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe kama askari. "Amelala."

"Nimsalimie kidogo tu."

"Chukua difu yako uende."

Akapokea alichopewa bila kukihesabu, kwa kuwa angekihesabu angelia, na hakutaka kulia mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfulia shuka. Difu ikapakiwa. Fundi alirudisha shafti, akafunga nati zake moja moja, akapangusa magurudumu. Lori likasimama. Kwa kweli lilikuwa lile lile, na hilo ndilo lililomsikitisha.

"Sasa nisikilize," Fundi akasema, akikaza mawe mawili makubwa aliyoyatia nyuma ya magurudumu, kwa sababu uwanja ule uliteremka kutoka nyumbani kuelekea ukuta wa nyuma. "Breki ya mkono ya lori hili haishiki magurudumu, inashika propela. Propela haipo. Ile fimbo sasa ni pambo. Ukiacha kwenye gia, gia nayo ni pambo. Imebaki breki ya mguu, na mawe. Usishuke kabla mawe hayajakaa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Na kesho asubuhi?"

Fundi alizunguka nyuma ya bodi, akaiegemea kwa bega kama anayepima uzito wake.

*

Kesho yake walisukuma.

Lori lilielekeza pua nyumbani, kwa hiyo mtu wa dirishani aliona kabini na ubavu, hakuona kilichokuwa nyuma ya bodi. Nyuma ya bodi alikuwepo Fundi Kimya, na wifi aliyejifunga kanga mbili kiunoni, na kinyozi wa jirani aliyeahidiwa shukrani tu. Mama Honi aliwasha. Mkono ukatoka kati ya nondo: njoo. Akakanyaga klachi, akaingiza gia kwa kishindo makusudi, akaachia, akapiga teke sakafu ya kabini mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Nyuma ikasikika pumzi ya watu watatu, na Taratibu, lori lisilo na difu, likapanda hatua moja kuelekea dirishani.

Kiganja kikasimama. Akakanyaga breki. Kisha akaachia kidogo kidogo, mteremko ukalirudisha lenyewe, na Fundi akatia mawe.

Mama Honi alibaki kwenye kabini, paji la uso juu ya usukani. Aliona aibu, na alifurahi, na furaha ile ilimwongezea aibu. Alipoingia ndani na kidonge, mumewe alikuwa akitazama nje.

"Vi-zu-ri," akasema Taratibu kwa mdomo wake wa pembeni. Akakunywa uji wote.

Wakaendelea hivyo. Asubuhi moja wifi aliteguka kidole. Asubuhi nyingine kinyozi alikuja na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, naye akasukuma. Mtaa mzima ukawa unajua isipokuwa mtu mmoja. Watoto wakipita nje ya lango waliambiwa wasicheke, nao walijitahidi. Mama Honi alianza kupata usingizi. Vidonge vilikuwa kwenye kopo, mkono ulikuwa dirishani, na akajidanganya kwamba mambo yanaweza kwenda namna hiyo mpaka Mungu afungue mlango mwingine.

Kisha Fundi Kimya akapata kazi mbali, na asubuhi hiyo hakuja.

Walisukuma wawili, wifi na kinyozi, kwa shida kubwa. Lori likapanda nusu hatua, likarudi. Kinyozi aliitwa na mteja, akakimbia akijifuta mikono. Hakuwa amewahi kushughulika na mawe, hiyo ilikuwa kazi ya fundi. Wifi alibaki nyuma ya bodi, kati ya lori na ukuta, ameinama anatafuta ndara yake iliyochomoka. Na Mama Honi, aliyechoka, akafanya alichokifanya miaka yote bila kufikiri. Akavuta breki ya mkono, akaacha kwenye gia, akazima, akashuka. Akaligeuzia lori mgongo.

Nyuma yake mpira ulisaga changarawe, polepole sana.

Kilichomzindua kilikuwa kishindo cha kikombe cha bati kwenye nondo. Taratibu alikuwa amejiinua kwa kiwiko, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue. Alipiga mara ya pili, kikombe kikamtoka kikabiringika uwanjani. Halafu mkono wake ukatoka wote mpaka begani, ngumi ikapanda juu ikashuka kwa nguvu, na kiganja kikafunguka kuelekea chini. Kila utingo anaijua ishara hiyo, na mke wa dereva anaijua pia. Weka jiwe.

Mama Honi aligeuka. Alilibeba jiwe ambalo siku nyingine angeweza kulisukuma kwa mguu tu, akalitupa nyuma ya gurudumu, akaangukia juu yake. Gurudumu likalipanda kidogo, likasita, likarudi chini, likatulia. Wifi alikuwa amesimama, mgongo umegusa ukuta, kifua kimegusa mbao za bodi, ndara mkononi. Akajipenyeza pembeni, akatoka.

Wakakaa chini wote wawili pale pale vumbini, wameshikana. Ndipo Mama Honi, akiwa bado anahema, alipofikiri vizuri alichokiona. Mtu asiyejua kitu angeonyesha breki ya mkono. Angemkaripia kwamba hakuivuta mpaka mwisho. Huyu hakuitaja breki kabisa. Aliomba jiwe moja kwa moja, kama mtu anayejua kuwa ile fimbo ni pambo.

*

Mama Honi alimkuta mumewe amelala chali, jasho likimtiririka, anahema. Akampa kidonge, akamfuta uso, akamshika mkono ule ule, na mioyo yao ikaenda mbio pamoja mpaka ikachoka.

"Umejua tangu lini?"

"Siku... ile," akasema Taratibu. Maneno yake yalitoka moja moja, kama watu wanaoshuka kwenye gari bovu. "Oili. Ha-rufu."

"Tulifunika."

Upande mzima wa mdomo wake ukajaribu kutabasamu. "Na injini. Lori li-napanda, injini... haisikii mzigo. Inaimba tu. Lori gani... hilo?"

Mama Honi aliinamisha kichwa. Wiki nzima ya kusukuma, kidole cha wifi, watoto waliozuiwa wasicheke, na mtu mwenyewe alikuwa amelala pale anasikiliza injini isiyosikia mzigo.

"Sasa kwa nini hukusema? Kwa nini ulikuwa unatoa mkono?"

Taratibu akakusanya pumzi.

"Wewe," akasema. "Ukishuka pale kila siku... uso wako una-kuwa mzuri. Nikafikiri, nikisema... huyu ataanguka. Akianguka, mimi ni-meanguka."

Hapo Mama Honi alilia, kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia tangu siku ya kiharusi. Wifi mlangoni akalia naye, halafu akamkumbusha kuwa daktari alikataza kelele.

Alipotulia, mumewe akamwambia kilichobaki. Kopo la vidonge lilikuwa jepesi, alisikia jinsi linavyolia likitikiswa. Injini ikikaa bila kazi itaoza. Aitwe Utingo.

"Hapana," akasema Mama Honi. "Difu inanunulika tena. Tukiuza injini, basi tena."

"Mke wangu. Mimi... sitaendesha."

Hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo katika nyumba ile. Lilipotoka, lilikaa chumbani nao kama mgeni ambaye hakuna anayejua amweke wapi.

*

Utingo alikuja na viatu vyake. Mama Honi alimwelekeza mlangoni, safari hii kwa mkono wazi, lakini mtu mwenyewe hakuthubutu kuingia. Alisimama nje chini ya dirisha, akatazama nondo, akatazama uso ule uliopinda, na ubosi wote ukamvuka.

"Shikamoo kaka."

Taratibu aliitikia kwa kidole. Kisha akasema, na mkewe akayarudia maneno yaliyokatika ili yaeleweke: "Difu uliinunua kwa mke wangu. Injini unanunua kwangu."

Utingo akataja bei. Mkono wa kushoto ukatoka dirishani ukamwonyesha: njoo. Akapandisha. Njoo. Akafuta jasho, akasema hali ni ngumu kwa kila mtu, akapandisha. Njoo. Aliletwa hivyo mpaka mahali ambapo Mama Honi hakuwahi kuota, na bado haikuwa bei ya injini ile, kila mtu pale alijua, lakini ilikuwa bei ambayo mtu anaweza kuitaja bila kutazama chini. Kiganja kikasimama.

"Nitakuja kesho na winchi," Utingo akasema. Aliondoka bila kugeuka.

Asubuhi Mama Honi alipasha uji, akampa mumewe kidonge, akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Alikwepa kutazama nje. Hakukuwa na wa kusukuma, maana aliwaambia wote wapumzike, na hakukuwa na mtu wa kudanganywa. Wifi alikaa kizingitini, mguu wenye kidole kibovu umenyooshwa.

Kikombe kikagonga nondo, kidogo tu.

Akageuka. Taratibu alimwonyesha lori kwa kidevu.

"Halina kitu," Mama Honi akamwambia. "Haliendi popote."

Akamwonyesha tena.

Basi akatoka. Alikagua mawe, yote mawili, akayakanyaga kuhakikisha. Akakwea kwenye kabini, akapangusa kioo kwa upindo wa kanga, akawasha. Injini ikaitika mara moja. Alikanyaga klachi, akaingiza gia, akaachia polepole kama alivyofundishwa, na injini ikaimba bila mzigo wowote.

Dirishani mkono ulitoka kati ya nondo. Njoo, ukasema. Njoo. Lori lilisimama pale pale, na mkono uliendelea kuliita bila haraka, ukirekebisha kidogo kushoto, kidogo kulia, kama vile kuna lango jembamba la kupita. Mama Honi alizungusha usukani kila alikoelekezwa. Machozi yalimwingia mdomoni na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Kiganja kikasimama.

Akakanyaga breki, akaishikilia kwa nguvu zake zote, mpaka aliposikia gari la winchi linapiga honi kwenye kona.